KOFIA YA CHUMA BILA PAMBA NI SUFURIA TU

Hebu fikiri, msomaji, umevaa sufuria kichwani na jirani yako anaigonga kwa mchi. Sufuria haitatoboka, lakini wewe utaona nyota mchana.

Jambo hilo dogo la jikoni linawatatiza watungaji wa michezo ya mashujaa ya mezani.

Katika michezo hii, watu wachache huketi pamoja, kila mmoja akijifanya shujaa wa hadithi. Mmoja wao ndiye msimulizi na mwamuzi. Dadu huamua kama upanga umempata adui au umekata hewa. Dungeons & Dragons, mchezo uliofungua njia, ulitungwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974.

Je, kichwa kilihesabiwaje? Katika kitabu cha mwamuzi cha mwaka 1979, Gygax aliamuru kwamba kwa shujaa asiye na kofia, pigo 1 kati ya 6 lielekee kichwani. Adui akiwa na akili, liwe 1 kati ya 2. Basi! Ama una kofia, ama huna.

RuneQuest, mchezo wa mwaka 1978, ulikwenda mbele zaidi. Dadu yenye nyuso 20 huonyesha kiungo kilichopigwa. Ikiangukia 19 au 20, ni kichwa. Kofia hupunguza nguvu ya pigo.

Ukaja GURPS wa Steve Jackson, mwaka 1986. Humo fuvu lenyewe huzuia pointi 2, na kinachopenya huzidishwa mara 4. Tuseme pigo ni la pointi 8 na kofia inazuia 4. Fuvu linazuia 2, zinabaki 2. Zidisha mara 4, upate 8. Mtu wa kawaida ana uhai wa pointi 10 tu!

Lakini hesabu ya kutoa ina shimo. Kofia ya 6 ikipigwa pigo la 5, jibu ni sufuri, na shujaa anaendelea kama aliyeguswa na unyoya. Rungu halifanyi hivyo. Chuma hakipasuki, ila kichwa kinarushwa, na ubongo unatikisika ndani ya fuvu.

Mafundi wa zamani wa Ulaya walilijua hilo. Ndani ya kofia walishona bitana nene ya kitani iliyojazwa pamba, sufu au manyoya ya farasi. Kazi ya bitana ni kukipa kichwa nafasi ya kusimama polepole. Kichwa kikisimama katika milimita 20 badala ya 5, nguvu inayokipata hupungua hadi robo.

Kwa hiyo sheria nzuri ingetenga kazi mbili. Chuma kipunguze jeraha la makali. Pamba ipunguze mtikisiko. Rungu zito likizuiwa na chuma, mchezaji arushe dadu mara moja kuona kama amezubaa, na aliye na bitana nzuri aongezewe pointi. Mara moja yatosha, maana mwamuzi akihesabu kila uzi, chai itapoa na wachezaji watasinzia.

Uongo mkubwa zaidi uko kwenye kupona. Shujaa wa mezani huzimia, akalala usiku mmoja, akaamka mzima. Ubongo wa kweli huweza kuchukua siku nyingi au majuma kadhaa, na pigo la pili kabla haujapona ni hatari zaidi.

Funzo hili halibaki mezani. Ukipewa kofia na mwendeshaji wa bodaboda, usiangalie rangi ya nje tu. Tia mkono ndani. Povu gumu lililomo humeza pigo kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi. Kofia iliyokwisha kupata ajali yaweza kung'aa kama mpya, kumbe imebaki gamba.

Mchezaji akifa mezani, huchukua karatasi nyingine akaanza upya. Wewe karatasi yako ni moja.