Wahusika wa Kuazima na Kiti cha Milanzi

Mhusika wa Rukwa anayejulikana kuliko wote Tanzania hakubuniwa Rukwa. Ni Mfipa wa vichekesho: mzee mpole mwenye ungo wa kusafiria usiku na radi ya kutuma mchana kweupe, ambaye ukimdhulumu kuku mmoja anakujibu kwa umeme. Ametumika kwenye vijiwe vya Dar es Salaam, kwenye filamu, na kwenye jumbe za simu zinazosambazwa kila mvua zinapoanza. Hakuna aliyewaomba Wafipa ruhusa ya kumtumia, wala hakuna aliyewalipa. Mtu wa Sumbawanga akishuka stendi ya mbali huulizwa habari za ungo kabla hajaulizwa habari za nyumbani. Kwa barabara ilivyokuwa kabla ya lami ya kutoka Tunduma, mwenye ungo angestahili pongezi, lakini hilo wachekeshaji hawakuliona.

Namtanguliza yeye kwa sababu anafungua vizuri swali ambalo watengenezaji wa magemu ya video wamelishughulikia kwa makini kuliko waandishi wengi wa riwaya: ukimwazima mhusika wa mwenzio, unaazima nini hasa?

Ipo aina ya gemu ambamo mchezaji hukimbia na kuruka kutoka jukwaa hadi jukwaa, kisha hufika mahali ambapo mbio na wepesi wa vidole havitoshi, ikabidi asimame afikiri. Mlango umefungwa, ufunguo uko ng'ambo ya shimo, na shimo ni pana kuliko uwezo wake wa kuruka. Anayefumbua hupita, asiyefumbua hufa na kuanza upya. Mwaka 2008 Mmarekani Jonathan Blow alitoa gemu la namna hiyo liitwalo Braid. Mhusika wake, Tim, ni mtu mfupi aliyevaa suti na tai, na hana la ajabu ila moja: anaweza kurudisha muda nyuma. Mwanzoni mwa 2010 Terry Cavanagh wa Ireland akatoa VVVVVV, ambamo Kapteni Viridian hawezi kuruka hata kidogo. Anachoweza ni kugeuza uvutano, dari ikawa sakafu na sakafu ikawa dari. Magemu haya hayakutoka kwenye makampuni makubwa. Yalitengenezwa na watu wachache waliojitegemea, wakiishi kwa akiba na mikopo, na ndiyo maana kila gemu lilijengwa juu ya wazo moja tu. Hawakuwa na fedha za mawazo mawili.

Oktoba 2010 Edmund McMillen na Tommy Refenes wakatoa Super Meat Boy, habari za kipande cha nyama kinachoruka misumeno kumfuata mchumba wake aliyetengenezwa kwa bandeji. Mchezaji aliyejitahidi aliweza kuwafungua wahusika walioalikwa kutoka kwenye magemu ya watengenezaji wengine huru. Orodha ilitofautiana kidogo kulingana na mashine uliyochezea, lakini walikuwemo Tim, Kapteni Viridian, Commander Video wa Bit.Trip na Ogmo wa Jumper. Kila mgeni alikuja na sheria yake mwilini. Tim alirudisha muda, Viridian aligeuza uvutano, Commander Video alielea hewani kitambo, na Ogmo aliruka mara mbili kabla ya kutua. Hatua uliyoikatia tamaa ukiwa na nyama ilibadilika kuwa hatua nyingine ukiingia na mgeni. Ukuta uleule, msumeno uleule, lakini fumbo jipya.

Linganisha na Somari ya mwaka 1994. Hilo ni gemu la magendo kutoka Asia, lililomchukua Mario na kumtupa ndani ya dunia ya Sonic. Kofia ni ya Mario, mbio ni za Sonic, na mwenye mali hakuulizwa. Mario wa Somari anajikunja kuwa mpira na kubingirika kwa kasi, jambo ambalo Mario wakati huo alikuwa hajawahi kulifanya kwao. Umeazimwa uso tu, sheria imeachwa nyumbani. Waliokulia kwenye zile kanda za gemu zilizoandikwa "9999 kwa 1" wanaijua biashara hiyo. Ukivumilia kuhesabu unagundua kwamba gemu la 5 na la 705 ni lile lile, limebadilishwa rangi ya suruali.

Sisemi kwamba kila kinachofanywa bila barua ya ruhusa ni takataka. Wapo vijana wa Kitanzania wanaofungua gemu la mpira la simu na kuingiza humo jezi za Simba na Yanga. Hawana leseni ya mtu yeyote, lakini wanalipa gemu kitu ambacho wenye gemu hawakuona haja ya kukiweka. Hiyo ni kazi ya kuziba upungufu, na upungufu wenyewe si wao walioutengeneza.

Afrika nayo imejaribu kukusanya wahusika wa kwingine. Leti Arts, studio iliyoanzishwa na Eyram Tawia wa Ghana na Wesley Kirinya wa Kenya, ilitoa Africa's Legends mwaka 2014, gemu la mafumbo la simu lililowaweka pamoja mashujaa kama Ananse na Shaka. Ananse hana mwanasheria, kwa hiyo shughuli ya kualika ikawa nyepesi. Ila magazeti yetu ya Afrika Mashariki yalianza mchezo huu mapema zaidi, na kwa karatasi tu. Edward Gitau wa Kenya alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi, na wasomaji wa Taifa Leo wakazeeka naye. Mtazame vizuri mtu huyo: Juha ni mjinga wa hadithi zilizokuja na Waarabu kwa njia ya pwani, Kalulu ni sungura mjanja wa bara, nao wawili wamefungiwa ndani ya mtu mmoja asiyejua kama leo ni zamu ya ujinga au ya ujanja. Hapa Tanzania jarida la Sani lilikuwa na Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa Philip Ndunguru. Ndunguru alifariki mwaka 1986, kalamu zikashikwa na wengine, mistari ikabadilika, na bado msomaji alimtambua Lodi Lofa kabla ya kusoma jina. Alimtambua kwa tabia. Mchoraji anayerithi mhusika anarithi sheria ya mwenendo wake. Pua anaweza kuirefusha apendavyo.

Kalulu wa Gitau ananirudisha Ufipa, uwanda wa Wafipa, kwa sababu sungura huitwa hivyo uwandani na kusini yake mpaka Zambia na Malawi. Mwanaanthropolojia Roy Willis alichapisha mwaka 1978 kitabu cha sanaa simulizi ya Wafipa, There Was a Certain Man, na miaka mitatu baadaye akatoa kingine kuhusu dola za kale za Ufipa. Ndani ya habari alizozikusanya ipo moja ambayo kila anayetaka kualika wahusika wa wenzake angeisoma kwanza.

Inasemwa kwamba mfalme wa kwanza, Ntatakwa, alianguka kutoka mbinguni akatua Milanzi. Nchi ikawa ya ukoo wake. Siku moja mfalme wa Milanzi akiwa porini akiwinda, wakafika wanawake wageni wa ukoo wa Twa. Mke wa mfalme alikuwa amekwisha kuonywa kwamba watakuja wageni na kwamba asiwape kiti. Wakaja, wakaomba kukaa, naye akawapa kiti cha ufalme. Mfalme aliporudi na mawindo yake alikuta watu wamekaa mahali pake, na nchi imekwisha kuhama. Haikupigwa vita. Watwa walichukua utawala, na ukoo wa Milanzi ukabaki na heshima ya ukongwe na eneo dogo la kwake. Baadaye Watwa wenyewe wakagawanyika, zikawa dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Jina la kwanza linaishi katika wilaya ya Nkasi, na Milanzi leo ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, yenye wenyeviti wa mitaa na foleni ya mbolea ya ruzuku.

Wengine huisoma hadithi hiyo kama lawama kwa mke wa mfalme. Mimi naiona ni hadithi ya kanuni za ugeni. Mgeni hakukatazwa kuingia. Alikatazwa kitu kimoja tu, kukalia kiti ambacho sheria yote ya nyumba imetundikwa juu yake. McMillen na Refenes walijua hilo bila kufika Rukwa: Tim anapoingia kwao anabeba uwezo wake, lakini misumeno ni ya mwenyeji, mwendo wa hatua ni wa mwenyeji, na mchumba wa bandeji ni wa mwenyeji. Magemu ya wahusika wa kuazima yanayochosha ni yale ambamo mwenyeji hana nyumba. Wageni maarufu wamejipanga sebuleni na hakuna aliyepika.

Ufipa ina nyumba. Uwanda wenyewe ni jukwaa. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa karibu meta 1,800. Magharibi nchi inaporomoka kuelekea Ziwa Tanganyika, mashariki milima ya Lyamba lya Mfipa inashuka mpaka bonde la Ziwa Rukwa, na pande zote mbili ni takriban kilometa nzima kwenda chini. Mpakani mwa Zambia maporomoko ya Kalambo yanaanguka zaidi ya meta 200 kwa mkupuo mmoja. Mtengenezaji wa gemu asingehitaji kubuni mashimo.

Mafumbo nayo yapo, na ningeanza na chuma. Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma kwenye ilungu, tanuri refu la udongo lililofikia meta 3. Halikuhitaji mivukuto, hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini na kupanda juu. Ila kilichotoka humo hakikuwa bado chuma cha jembe. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi, kikachomwa mara ya pili kupunguza takataka, ndipo mhunzi akakipiga. Mabaki ya malungu bado yamesimama mashambani, mengine yakiwa na mahindi hadi miguuni. Matanuri mawili, moto wa aina mbili, na mpangilio usiogeuzwa: hatua nzima ya gemu imekwisha kuchorwa.

Sasa waingize wageni. Tim akirudisha muda nyuma, moto unazimika, mkaa unarudi kuwa mti na mti unarudi kuwa mche. Amepata kuni lakini amepoteza joto, na lazima achague ni sekunde ipi ya kusimama. Viridian akigeuza uvutano, mkaa unamwagikia mawinguni. Kalulu hafanyi lolote kati ya hayo. Anamwendea Fisi, anamwambia kwamba ndani ya ilungu kuna nyama inaokwa, na Fisi anachimba matundu ya chini kwa kucha zake mwenyewe. Uwezo wa Kalulu ni kumfanya mwingine asogee. Katika magemu mengi ya kufumbua mchezaji anasukuma mawe. Huku angesukuma tamaa ya Fisi, na hiyo ni sheria ambayo wala Blow wala Cavanagh hawakuileta.

Upande wa ruhusa haufurahishi, lakini haukwepeki. Tim ni mali ya Blow, na Viridian ni wa Cavanagh. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ya msanii wa Tanzania inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo kwa hesabu hiyo michoro ya Ndunguru haiwi ya kila mtu kabla ya mwisho wa 2036. Kalulu hana mtunzi mmoja, lakini sheria hiyohiyo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Kanuni za mfano zilizotungwa na UNESCO na WIPO mwaka 1982 ziliacha mlango wazi kwa mtunzi anayeazima kutoka kwenye sanaa hizo ili kuunda kazi mpya ya kwake. Hata hivyo mlango kuwa wazi hakumwondolei mtu adabu ya kubisha hodi, hasa kama habari za kiti cha Milanzi zitatiwa kwenye gemu la kuuzwa.

Na Mfipa wa ungo je? Akitaka kuingia, simzuii. Lakini aingie kwa masharti ya Super Meat Boy. Wenye sura waulizwe, na ungo wake uwe na sheria: unabeba uzito gani, unaruka umbali gani, unazimika wapi. Alivyo sasa hana sheria yoyote, anafanya kila kitu kila mahali, na mhusika wa namna hiyo hawezi kufumbua hata fumbo moja kwa sababu hakuna linalomshinda. Ni uso wa kuchekea tu, ndugu yake Somari.

Kijana unayejifunza programu Sumbawanga, Laela au Namanyere, Godot, programu ya kutengenezea magemu, haiuzwi, inapakuliwa bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Tengeneza hatua moja ya Kalulu na ilungu, ikamilike, watoto wa mtaani waicheze mpaka wagombane. Baada ya hapo mwandikie Blow barua umwombe Tim, na umweleze mapema kwamba kiti hatapewa.