Michezo ya Kompyuta: Mtoto Anunue au Atengeneze?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli kwa maembe sokoni na kwa vitambaa dukani, lakini katika mambo ya kompyuta yafaa itazamwe upya. Michezo inayojitembeza kila siku mbele ya macho ya watoto, ikikipamba kioo cha simu kwa rangi na vishindo, mara nyingi ni ile ambayo wenye mali wamelipa fedha ili ionekane. Zana njema, yaani zile ambazo zingemwezesha mtoto kutengeneza mchezo wake mwenyewe badala ya kucheza ya wengine tu, aghalabu hazina mpiga debe. Hukaa kimya zikingoja mtu wa kuzitaja.

Basi swali linalowahusu wazazi na walimu ni hili: mtu wa kawaida, asiye mtaalamu, huzijuaje zana hizo? Historia ya miaka sitini iliyopita yatoa jibu. Tangu mwanzo, zana zilizokuwa rahisi na zenye manufaa zimeenea zaidi kwa njia moja: mtu kumwonyesha mwenziwe, kisha kumwachia afungue na kuona kilichomo ndani.

LUGHA KWA WASIO WATAALAMU

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba kizima, na walioitumia walikuwa hasa wanasayansi na wahandisi. Walimu wawili wa hesabu katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz, hawakuridhika na hali hiyo. Mwezi Mei 1964 walianzisha lugha ya kompyuta iitwayo BASIC, yenye maneno machache yanayoeleweka upesi, ili hata mwanafunzi wa historia au wa fasihi aweze kuiamuru mashine. Haukupita muda mrefu wanafunzi wakaanza kuitumia kwa kutunga michezo.

Lugha ilikwisha kupatikana. Ilibaki njia ya kueneza kazi zilizotungwa kwayo. Mwaka 1973 David Ahl, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya Digital, alikusanya michezo 101 katika kitabu kimoja. Kitabu hicho hakikuambatana na kanda wala diski. Kila mchezo ulichapwa kwa wino juu ya karatasi, mstari kwa mstari, na msomaji ilimpasa akae mbele ya mashine aupige taipu mwenyewe hadi mwisho. Toleo jipya lilitoka mwaka 1978, nacho kikawa kitabu cha kwanza cha kompyuta kuuzwa nakala milioni moja.

Kazi hiyo ilichosha vidole, lakini ilikuwa shule. Aliyekosea herufi moja aliona mchezo ukikataa kwenda, naye akalazimika kurudi nyuma kutafuta kosa. Aliyeona mchezo ni mgumu mno alibadili tarakimu moja na kuona matokeo papo hapo. Kwa njia hiyo wasomaji wengi walioanza kwa kunakili walijikuta, baada ya miezi michache, wakitunga yao.

Mmojawapo wa michezo iliyoenezwa na kitabu hicho ulihusu chombo cha kutua mwezini. Mtungaji wake wa kwanza, Jim Storer, alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari katika mji wa Lexington, Massachusetts. Aliuandika mwaka 1969, miezi michache baada ya binadamu kukanyaga mwezi. Mchezaji aliambiwa kimo, mwendo na mafuta yaliyosalia, kisha akaamua ni mafuta kiasi gani yachomwe ili chombo kisipondeke. Ulikuwa mchezo wa maneno na tarakimu tu, pasipo picha. Mwaka 2024 mtaalamu mmoja, Martin C. Martin, aliuchunguza tena akagundua humo kosa dogo la hesabu lililokuwa limekaa kwa miaka 55. Kosa hilo liliweza kuonekana kwa kuwa maagizo yote ya mchezo yalikuwa wazi kwa kila mwenye kutaka kuyasoma.

PROGRAMU ZILIZOPITA HEWANI

Si karatasi peke yake iliyofanya kazi hiyo. Katika iliyokuwa Yugoslavia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, masharti ya forodha yaliwazuia wananchi kuingiza kutoka nje vitu vya thamani kubwa, na hivyo kompyuta za nyumbani zilikuwa adimu. Mwaka 1983 mbunifu Voja Antonić alichora kompyuta ndogo ambayo mtu aliweza kujiundia mwenyewe. Michoro na maelezo yake yalichapishwa katika toleo maalumu la jarida la sayansi lililoitwa Galaksija, na kompyuta yenyewe ikachukua jina hilo. Maelfu ya wasomaji waliitikia.

Walipokwisha kuziunda, walihitaji programu za kutia ndani. Siku zile programu za kompyuta za nyumbani zilihifadhiwa katika kaseti za kawaida, kwa mfumo wa sauti. Kwa kuwa ni sauti, zingeweza kupigwa redioni kama muziki. Mtangazaji Zoran Modli wa redio ya Belgrade alifanya hivyo katika kipindi chake kiitwacho Ventilator 202. Aliwatahadharisha wasikilizaji waweke kaseti tayari, kisha zikasikika kelele kama za chuma kinachokwaruzwa. Kwa sikio la binadamu zilikuwa kero tupu. Kwa kompyuta zilikuwa mchezo, hesabu au somo. Wasikilizaji nao walituma programu walizotunga ili zirushwe kwa wenzao.

Uholanzi nako shirika la utangazaji NOS lilirusha programu katika kipindi cha Hobbyscoop. Huko ilitumika namna moja ya uandishi, BASICODE, ili kompyuta za makampuni mbalimbali, ambazo kwa kawaida hazikuelewana, ziweze kutumia programu ile ile. Kwa hiyo nyumba yenye redio na chombo cha kurekodi, ikiwa na kompyuta ndogo, ilipata programu mpya bila kwenda dukani.

KUTOKA KUPIGA TAIPU HADI KUPANGA VIPANDE

Wakati huo huo walikuwapo walioona kwamba hata kupiga taipu kungeweza kuondolewa njiani. Mwaka 1983 Wamarekani waliuziwa programu ya Bill Budge ya kutengenezea mchezo wa gololi ya chuma irukayo juu ya meza. Mtumiaji alichagua kipande kilichochorwa kwenye kioo, akakiburuta na kukiweka mahali alipotaka. Hakuandika agizo hata moja.

Fikra iliyokwenda mbali zaidi ilitoka kwa mzaliwa wa Afrika. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, na baadaye akafundisha katika Chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1967 yeye pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walibuni lugha ya Logo kwa ajili ya watoto. Baadaye iliongezewa kobe ambaye mtoto alimwamuru aende mbele au ageuke, akichora njia apitayo. Papert alishikilia kwamba mtoto hujifunza vyema zaidi anapotengeneza kitu anachokithamini na kuwaonyesha wengine. Mwaka 1982 jaribio la kuwapa watoto wa shule kompyuta za namna hiyo lilifanyika karibu na Dakar, Senegal.

Mafundisho hayo ndiyo yaliyozaa Scratch, programu iliyotolewa kwa watu wote mwaka 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick katika chuo kile kile cha MIT. Ndani yake maagizo yamegawanywa katika vipande vya rangi vinavyoshikana kama vitofali vya kuchezea. Kipande kisichofaa mahali fulani hakiingii, na hivyo makosa ya herufi yaliyowasumbua wasomaji wa mwaka 1973 hayapo.

Tuseme mtoto ataka paka amfukuze panya. Huweka kipande kinachosema mchezo uanze. Chini yake kipande cha kurudia daima. Na ndani ya hicho, cha kumgeuza paka amwelekee panya, kisha cha kumsogeza hatua chache. Panya naye hupewa agizo la kufuata kidole au kipanya cha kompyuta. Akiongeza kipande kimoja cha kuuliza kama paka amemgusa panya, tayari mchezo una ushindi na kushindwa. Kazi hiyo huchukua muda usiozidi wa kuivisha maharage.

Jina la Scratch latokana na wapiga santuri wanaoirudisha sahani nyuma na mbele ili kuzaa muziki mpya kutoka katika ule wa zamani. Kwa maana hiyo, kila mchezo ambao watoto wameutoa kwa wenzao una mahali pa kubonyeza ili kuona maagizo yake. Mtoto mwingine aweza kuuchukua, akaubadili na kuutoa upya, na jina la mtungaji wa kwanza hubaki limetajwa. Watu zaidi ya milioni 100 wamekwisha kujiandikisha. Aidha, programu hiyo hupatikana kwa lugha nyingi, Kiswahili ikiwa mojawapo, na waweza kuiweka ndani ya kompyuta ikafanya kazi pasipo intaneti.

Pasiwe na mtu wa kudhani kwamba zana rahisi ni za watoto tu. Mwaka 1999 profesa Mark Overmars wa Utrecht, Uholanzi, alitoa programu ambayo baadaye iliitwa GameMaker, iliyokusudiwa wasio wataalamu. Mwaka 2015 Toby Fox, Mmarekani, aliitumia kutengeneza mchezo wa Undertale, uliosifiwa na kununuliwa duniani kote.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Mzazi aweza kuuliza kama michezo ni jambo la kusumbukia. Yafaa akumbuke kwamba Shirika la Afya Ulimwenguni limeitia hali ya kutawaliwa na michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Wengi wachezao hawana ugonjwa huo, lakini hatari imekubaliwa rasmi. Michezo mingi inayoitwa ya bure huuza vitu ndani yake, nayo imepangwa ili mchezaji asitamani kuondoka.

Mtoto aliyewahi kutengeneza mchezo, hata ule wa paka na panya, huiona michezo hiyo kwa jicho jingine. Hujua kwamba zawadi inayotokea ghafla imewekwa na mtu. Kwamba kusubirishwa ili alipe ni agizo lililoandikwa na mtu. Na kwamba ugumu unaomkasirisha huenda ni tarakimu moja tu. Hakatazwi kucheza, lakini hachezewi kwa urahisi. Pamoja na hayo amejifunza kupanga mambo kwa taratibu, kupima, kukosea na kusahihisha.

JINSI YA KUZITAFUTA NA KUZICHAGUA

Jambo la kwanza ni kuuliza. Mtoto anapofurahia mchezo fulani, mzazi aulize umetengenezwa kwa zana gani. Mara nyingi jina la zana huonekana mchezo unapoanza au mwishoni. Walimu wa sayansi, wakutubi na vijana walio vyuoni ni watu wa kuulizwa kabla ya kusikiliza matangazo. Kila mwaka tangu 2009 hufanyika pia tukio liitwalo Global Game Jam, ambapo watu wa nchi nyingi hukusanyika kutengeneza michezo kwa muda mfupi. Anayehudhuria, hata kwa kutazama, hurudi akiwa ameona zana kadhaa zikitumika.

Jambo la pili ni kuipima zana. Zana njema humruhusu mtu kuijaribu kabla ya kudaiwa fedha. Humwezesha anayeanza kupata kitu kinachosogea siku ile ile. Humwonyesha undani wa kazi za wengine. Tena humwachia achukue kazi yake na kuwapa wenzake. Ikikosa mambo hayo, na itafutwe nyingine.

Jambo la tatu ni hadhari. Programu ichukuliwe kwa wenyewe walioitengeneza au mahali wanapopataja wao, kwani nakala za mitaani huweza kubeba virusi. Mtoto anapotoa kazi yake kwa watu, asiandike jina lake kamili, shule yake wala mahali anapokaa.

Nyumba isiyo na kompyuta haijafungiwa mlango. Ipo ScratchJr, iliyotolewa mwaka 2014 kwa watoto wa miaka mitano hadi saba, ambayo hutumika kwa kugusa kioo. Kwa wakubwa kidogo ipo Pocket Code, iliyobuniwa katika chuo kikuu cha ufundi cha Graz, Austria, ili mchezo utengenezwe ndani ya simu yenyewe. Shule yenye kompyuta moja tu yaweza kuwagawa watoto wawili wawili, mmoja akipanga vipande na mwingine akiangalia makosa, kisha wakapokezana. Mwenye kompyuta ya pili hapo kijijini aweza kupewa programu hiyo hiyo kwa flashi.

Mtoto akishamaliza mchezo wake wa kwanza, hata kama paka anatembea kinyumenyume, imebaki kazi moja: amwonyeshe mtoto wa jirani jinsi alivyoufanya.