Majaribio ya timu ya vijana: namna ya kumwandaa mtoto wako

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na baba, mama, mlezi, kaka mkubwa na dada mkubwa. Tuseme tangazo limetoka: baada ya wiki mbili kocha atachagua timu ya mpira ya vijana wa chini ya miaka 15. Tangu siku hiyo mwanao hana habari nyingine. Akitumwa maji, anakwenda huku anapiga danadana na kopo.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Wakija vijana 80 na nafasi ni 20, basi 60 watarudi nyumbani bila kusomwa majina. Kwa hiyo wewe una kazi mbili. Ya kwanza ni kumsaidia mtoto aonyeshe anachokijua. Ya pili ni kuhakikisha anarudi mzima, mwili na moyo, hata asipochaguliwa.

Tuanze na mwili. Wiki mbili hazitoshi kumfanya mtoto awe mchezaji mpya, na anayejaribu kufanya mazoezi ya miezi sita kwa siku kumi huishia kuumia. Afanye mazoezi siku tatu au nne kwa wiki, kama saa moja kila mara. Kama mgawo umepungua na mtoto anakula mara moja kwa siku, punguza mazoezi pia. Usimkimbize asubuhi na jioni na tumbo likiwa tupu.

Kila mara aanze kwa kupasha mwili joto: kukimbia taratibu, kwenda upande, kurudi nyuma, kuinua magoti, kuruka na kutua huku magoti yamekunjwa kidogo. Shirikisho la soka duniani, FIFA, lina utaratibu wa namna hii unaoitwa 11+. Huchukua kama dakika 20 na hauhitaji kifaa zaidi ya mpira. Lengo lake ni kupunguza majeraha ya magoti na vifundo.

Halafu mpira wenyewe. Mpira wa makaratasi na kamba unatosha. Asimame na mwenzake hatua kumi, wapeane pasi kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Apokee mpira na kuutuliza kabla ya kuupiga. Baadaye wacheze watatu kwa watatu katika eneo dogo, maana hapo kila mmoja anaugusa mpira mara nyingi na analazimika kufikiri haraka.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Wengi mnauliza habari ya viatu. Mtoto aliyezoea kucheza miguu mitupu asivae kiatu cha kuazima kwa mara ya kwanza siku ya majaribio. Kiatu kikubwa kinamtoa malengelenge, na kidogo kinaumiza kucha. Kama umepata cha kuazima, avae angalau siku tatu kabla. Kama hukupata, muulize kocha mapema kama atawaruhusu wasio na viatu, na kama wenye njumu watatenganishwa nao ili wasikanyagwe.

Kukosa viatu peke yake hakumfanyi mtu akose kipaji. Rose Nathike Lokonyen, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikimbia mbio za kilomita 10 kambini Kakuma miguu mitupu na akashika nafasi ya pili. Alichukuliwa kwenda kufanya mazoezi Ngong, karibu na Nairobi, chini ya Tegla Loroupe. Mwaka 2016 alibeba bendera ya Timu ya Wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro, na akakimbia mita 800. Katika timu ile ya wanamichezo 10, watano walikuwa wametoka Kakuma. Hatusemi kila mtoto atafika huko. Wanaofika ni wachache sana, na mwanao anapaswa kuusikia ukweli huo kutoka kwako kwa upole.

Usiku wa kuamkia majaribio, alale mapema na akate kucha. Asubuhi anywe uji saa mbili kabla ya kucheza, na achukue chupa ya maji. Afike mapema, asalimie, aseme jina lake na umri wake wa kweli. Usimpunguzie umri. Mtoto mkubwa akicheza na wadogo anaweza kuwavunja, na uongo huo ukigundulika anatolewa.

Makocha hawaangalii chenga peke yake. Wanaangalia mtoto anafanya nini asipokuwa na mpira, kama anarudi kusaidia ulinzi, kama anawaita wenzake, na anafanya nini baada ya kukosea. Mwambie hivi: "Ukipoteza mpira, usishike kichwa. Kimbia uufuate." Nawe mzazi ukiwa pembeni, acha kupiga kelele za maelekezo. Mtoto anayesikia sauti mbili, ya kocha na ya baba, hujikuta hafuati yoyote.

Kwa binti, uliza pia haya: kuna mwanamke kati ya wasimamizi? Mazoezi yanaisha kabla ya giza? Anarudi nyumbani na nani? Ukipata majibu mazuri, mwache acheze. Na usimpe kazi zote za nyumbani siku hiyo huku kaka yake anapumzika.

Akigongwa kichwa, atoke uwanjani na asirudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akizimia, akichanganyikiwa au kichwa kikizidi kuuma, mpeleke zahanati mara moja. Kifundo kikiteguka, apumzike, weka kitambaa cha maji baridi, inua mguu. Usikande kwa nguvu wala kwa maji ya moto siku mbili tatu za kwanza. Akishindwa kukanyaga, zahanati.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa jambo zito. Mtu akija na kusema, "Nipe pesa nimpeleke mwanao kwenye majaribio ya klabu ya nje," simama hapo. Usitoe pesa, usitoe kadi wala karatasi za familia. Sheria za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizowekwa. Mtoto asitoke kambini na mtu yeyote bila kibali na bila wewe kujua anakwenda wapi. Mweleze kiongozi wa bloku au ofisi ya ulinzi wa watoto siku hiyo hiyo.

Mwisho, majina yakisomwa na la mwanao halimo. Usimwambie "nilikuambia," wala usimtukane kocha mbele yake. Tembeeni pamoja kurudi nyumbani. Akilia, alie. Ale, alale. Kesho yake ndipo umwulize anataka nini, kisha mwende kwa kocha mkaulize kwa heshima: "Mwalimu, afanyie kazi jambo gani?" Kocha mwema atataja moja au mawili. Hayo ndiyo mazoezi yake hadi majaribio mengine. Na jioni mwache arudi kucheza na wenzake kama kawaida, maana mpira aliupenda kabla ya kuwapo orodha yoyote.



(Muziki wa kufunga.)