Jicho Huona, Ubongo Hutambua

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu asipoweza kutambua kitu, basi kitu hicho ni kidogo mno au jicho lake ni bovu. Pengine ni kweli, lakini si kila mara. Huenda jicho likawa zima, na herufi ikawa kubwa ya kutosha, na hata hivyo mtu asiweze kuisoma kwa sababu imebanwa na herufi nyingine. Jambo hili huitwa msongamano wa kuona.

Kulijaribu ni rahisi. Mtu atie nukta juu ya karatasi, na mwenzake aandike herufi moja upande wa kulia, sentimita 10 kutoka kwenye nukta, yenye urefu wa sentimita moja hivi. Yule mtu akikaza macho kwenye nukta bila kuyahamisha, ataitambua herufi ile. Kisha mwenzake aandike herufi tatu mpya mahali pale pale, zikiwa zimekaribiana sana. Akikaza macho tena, ataona ya kuwa pana maandishi, lakini ile ya katikati itamchanganya.

Mwaka 1970 mtaalamu wa Uholanzi, Herman Bouma, alieleza kipimo cha jambo hili. Herufi ikiwa pembeni, jirani zake yafaa wawe mbali nayo kwa kiasi cha nusu ya umbali uliopo baina yake na mahali macho yanapotazama. Kwa herufi iliyo sentimita 10 kutoka kwenye nukta, nafasi hiyo ni sentimita 5 hivi. Ndiyo sababu msomaji hulazimika kuhamisha macho yake kila mara katika mstari. Katikati ya jicho msongamano ni mdogo sana, lakini pembeni ni mkubwa.

Sababu yake haimo katika jicho, bali katika ubongo. Sehemu za ubongo zifanyazo kazi ya kuona ziko upande wa kisogoni. Kila chembe ya hapo ina eneo lake la kuangalia, kama mlinzi aliyepewa shamba lake. Walinzi wa katikati wana mashamba madogo, na wa pembeni wana mashamba mapana. Herufi tatu zikiangukia katika shamba moja pana, habari zake huchanganyika.

Je, msongamano huu waweza kupunguzwa? Imedhihirika ya kuwa waweza, kwa mazoezi. Mtu huonyeshwa herufi au mistari iliyosongamana pembeni mwa macho, mara nyingi sana kwa siku kadhaa, naye hujibu alichokiona. Polepole hukosea mara chache zaidi. Mwaka 2019 wataalamu wa mjini Beijing, China, walipima ubongo kwa mashine kubwa ya sumaku ionyeshayo jinsi damu inavyokwenda mahali penye kazi. Waliona ya kuwa, baada ya mazoezi, katika sehemu ya pili ya ubongo wa kuona, yale mashamba yamepungua upana. Maana yake ni kwamba ubongo wa mtu mzima haukukauka kama udongo wa chungu kilichochomwa; bado waweza kufinyangwa.

Faida yake yaonekana hasa kwa wenye jicho vivu, ugonjwa unaoanza utotoni ambao ubongo hauzoei kulitumia jicho moja sawasawa. Kwa jicho hilo msongamano huwa mkubwa hata katikati. Mtoto mwenye ugonjwa huu aweza kusoma herufi moja moja vizuri, kisha akashindwa herufi zile zile zikipangwa katika mstari. Asiyejua atasema mtoto huyu ni mzembe, kumbe sivyo. Mwaka 2012 wataalamu wa Uingereza walionyesha ya kuwa mazoezi hupunguza msongamano hata kwa wagonjwa wa namna hii.

Lakini mazoezi si dawa ya kila kitu. Mwaka 2004 Susana Chung na wenzake, katika Marekani, waliona ya kuwa kujizoeza kutambua herufi pembeni kuliongeza upesi wa kusoma. Mwaka 2007 Chung aliwazoeza watu kutambua herufi zilizosongamana. Msongamano ulipungua kwa zaidi ya thuluthi moja, na hata hivyo upesi wa kusoma haukuongezeka. Basi kushinda zoezi moja si kushinda yote.

Kwa mtoto, miwani na kuziba jicho lililo zima kwa muda, kwa amri ya daktari, ndiyo matibabu ya kawaida, nayo hufaa zaidi yakianza mapema. Mzazi au mwalimu akiona mtoto anazijua herufi lakini anapotea katika mstari, kabla ya kumkaripia ampeleke kwanza kupimwa macho, kila jicho peke yake.