Nodi Tatu, Betri Moja

Swali hili sasa limezidi. "Kaka, laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Nitengeneze mashine pepe ngapi ili klasta yangu ya Kubernetes iwe ya kweli?" Wanauliza vijana wa Makanyagio wanaotengeneza mifumo ya maduka na ya maghala ya vyama vya msingi vya tumbaku, wanauliza wanachuo wanaorudi Mpanda likizo, na karibu kila anayeuliza ameshapewa jibu na mtu mwingine: tatu. Ameambiwa chini ya tatu ni mchezo, kwa sababu nodi (yaani mashine ya klasta) moja ikianguka, mbili zitabeba kazi. Kwa mtu anayeandika programu na kuijaribu kwenye laptopu yake, mashine pepe moja inatosha. Hiyo tatu ni imani tu, na inawapotezea vijana muda mwingi.

Nodi tatu zina maana pale ambapo kila moja inaweza kufa peke yake. Kwenye chumba cha seva kila moja ina umeme wake, diski yake na waya wake wa mtandao. Laptopu yako ina diski moja na betri moja. Umeme ukikatika na betri imeshachoka, kama zilivyo betri za laptopu nyingi za mtumba, mashine zote tatu zinazimika kwa pamoja. Watu wa Katavi ndio wa mwisho kuhitaji somo hili. Mkoa huu uliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, Mpanda ikitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, hadi ikajengwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Aliyekulia hapa anajua umeme ukiondoka unaondoka na kila kilichochomekwa. Inakuwaje basi aamini kwamba kompyuta moja, akiigawa vipande vitatu, itajikinga yenyewe? Debe moja la mahindi ukiligawa katika magunia matatu, bado ni debe moja.

Na wengi hawana kinga hiyo hata kwenye karatasi. Mpangilio wanaounakili ni wa mashine moja ya usimamizi na mbili za kazi. Kumbukumbu yote ya klasta inakaa kwenye hifadhidata yake, etcd, na etcd iko kwenye ile moja ya usimamizi. Ikizimika, podi (vifurushi vya programu) zilizokwishaanza zinaendelea, ila hakuna wa kuanzisha nyingine wala kuzihamisha. Wapo waliosikia hilo wakaweka usimamizi kwenye mashine mbili, wakaharibu zaidi. Etcd hupokea andiko pale tu wanachama zaidi ya nusu wanapokubaliana. Wakiwa wawili, zaidi ya nusu ni wote wawili, kwa hiyo mmoja akianguka kazi imesimama. Mwanachama wa pili hapo ameongeza njia ya kuanguka, basi.

Waliofikisha tatu za usimamizi wanakutana na diski. Etcd haijibu mpaka andiko limefika diskini, na waandaaji wake wanashauri asilimia 99 ya maandiko hayo yafike kwa chini ya milisekunde 10. Kiongozi hutoa ishara ya uhai kila milisekunde 100. Wenzake wasipomsikia kwa takriban milisekunde 1,000, wanaitisha uchaguzi. Sasa waweke wote watatu kwenye diski moja ya kuzunguka, halafu Windows ianze kujisasisha. Maandiko yanapanga foleni, ishara zinachelewa, uchaguzi unaitishwa tena na tena, amri zako hazijibiwi. Programu yako haina kosa lolote hapo.

Mtu akifika hatua hiyo anapewa dawa ileile: ongeza RAM kwa kila mashine. RAM gani? Kubeadm, chombo cha kujengea klasta, inataka angalau GB 2 kwa kila mashine. Tatu zinakula GB 6, na GB 2 zilizobaki wagombanie Windows, kivinjari na kihariri cha msimbo. Ukizipa GB 3 kila moja, umeahidi 9 kutoka kwenye 8. Kwa kawaida kubelet, wakala wa Kubernetes kwenye kila nodi, inakataa kuanza ikikuta swapu (diski inayotumika kama RAM), kwa hiyo kijana anaizima ndani ya kila mashine pepe kama alivyoelekezwa, huku mfumo mkuu wa laptopu ukihamishia kumbukumbu diskini kwa kasi yote. Diski ni ileile ambayo etcd inaisubiri.

Kuna kosa jingine ambalo ningependa kila mmoja alitazame kwa macho yake. VirtualBox, ukiiachia mpangilio wake wa kawaida wa NAT, huipa kila mashine pepe anwani ileile kwenye kadi ya kwanza ya mtandao: 10.0.2.15. Nodi tatu zinajitambulisha kwa anwani moja. Andika `kubectl get nodes -o wide` uisome safu ya INTERNAL-IP. Ukiona 10.0.2.15 imejirudia, ndiyo sababu ukiomba kumbukumbu (logs) za podi unajibiwa kwamba podi haipo, ilhali unaiona inafanya kazi: ombi limegonga mlango usio wake. Weka kadi ya pili ya mtandao wa ndani, ipe kila mashine anwani isiyobadilika, kisha itaje kwa `--node-ip`. Anwani isiyobadilika inakusaidia pia unapotoka kwenye Wi-Fi ya ofisini kwenda kwenye hotspot ya simu. Klasta ya kubeadm imefungwa kwenye anwani iliyozaliwa nayo, na anwani ikibadilika haiamki.

Na anayetaka kujaribu kuanguka kwa nodi asubiri. Ukizima nodi ya kazi, inapita karibu dakika nzima kabla ya klasta kuitangaza haipo, kisha podi zake huvumiliwa sekunde 300 ndipo zihamishwe. Wengi wanakata tamaa dakika ya pili na kusema Kubernetes haifanyi kazi.

Haya, fanya hivi. Washa uwezo wa mashine pepe kwenye BIOS. Tengeneza mashine pepe moja ya Ubuntu kwa Multipass au VirtualBox, ipe GB 3 na CPU 2, weka k3s, Kubernetes iliyopunguzwa uzito. Ni faili moja lisilofika MB 100, na ikiwa na seva moja hutumia SQLite badala ya etcd, kwa hiyo habari ya uchaguzi haipo. Ukihitaji nodi nyingi kujaribu `kubectl drain` au mgawanyo wa podi, tumia kind: nodi zake ni kontena ndani ya mashine hiyohiyo moja. Imeji usiziite `latest`. Kwa kawaida lebo hiyo huifanya Kubernetes iulize mtandaoni kila podi inapoanza, na bando lako linakwenda. Andika namba ya toleo. Tangu Novemba 2020 Docker Hub inawawekea kikomo cha kupakua imeji wasiojisajili, kwa kuhesabu anwani ya IP, na kwenye mtandao wa simu anwani moja hutumiwa na watu wengi, kwa hiyo fungua akaunti. Mkiwa watano mahali pamoja, mmoja apakue, atoe kwa `docker save`, wengine wachukue kwa flashi na kuingiza kwa `k3s ctr images import`. Ukiamsha laptopu iliyolala na vyeti vikakataliwa kuwa bado havijaanza kutumika, saa ya mashine pepe imebaki nyuma. Irekebishe kwa chrony.

Anayetaka kinga ya kweli atafute kompyuta tatu za mezani za mtumba, kila moja na diski yake, na UPS zaidi ya moja. Maelezo yote ya klasta yaweke kwenye Git, na hati ya kuijenga upya iwe tayari. Vyeti vya kubeadm hudumu mwaka mmoja, kwa hiyo klasta uliyoiacha tangu mwaka juzi usihangaike kuifufua: ifute, endesha hati, endelea na kazi.