John Hume: Amani aliileta, gharama ikalipwa na chama chake

Kabla ya kuwa mbunge, John Hume alikuwa mwalimu aliyehangaika na SACCOS. Mwaka 1960, akiwa kijana wa miaka 23, yeye na wenzake wachache walianzisha chama cha akiba na mikopo mjini Derry, Ireland Kaskazini, kwa mtaji wa pauni 7. Wakatoliki wengi wa mji huo hawakuwa na kazi na benki hazikuwakopesha, hivyo waliangukia mikononi mwa wakopeshaji wa riba. Hata alipokwisha kupata Tuzo ya Nobel, Hume alikuwa akisema hakuna kazi aliyojivunia kuliko hiyo.

Tuanzie hapo, maana wengi hudhani mwanasiasa wa siasa za wastani ni mtu asiye na msimamo. Hume alikuwa nao, na dhuluma aliiona mlangoni kwake. Wakatoliki walikuwa wengi Derry, lakini halmashauri ilishikwa na Waprotestanti kwa sababu mipaka ya kata ilichorwa kwa hila. Tena, aliyeruhusiwa kuchagua madiwani ni mwenye nyumba au mpangaji wake, pamoja na mwenzi wake. Kumnyima Mkatoliki nyumba ya halmashauri kulikuwa ni kumnyima kura. Hume aliandamana kudai haki za raia, mwaka 1969 akachaguliwa kuingia Stormont, Bunge la Ireland Kaskazini, na Agosti 1970 akawa miongoni mwa waasisi wa chama cha SDLP.

Alichokataa ni bunduki. Januari 30, 1972, wanajeshi wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji mjini mwake na kuua 13 siku hiyohiyo. Vijana wakamiminika kujiunga na IRA, kundi lenye silaha lililotaka kuing'oa Ireland Kaskazini kutoka Uingereza na kuiunganisha na Ireland. Hume akashikilia yaleyale, hadi wenzake wakamtania kwamba ana hotuba moja tu: kilichogawanyika ni watu kabla ya ardhi, na Waprotestanti hawataingizwa katika Ireland moja kwa mabomu. Alipochaguliwa Bunge la Ulaya mwaka 1979, alivuka kwa miguu daraja la mpakani kati ya Strasbourg ya Ufaransa na Kehl ya Ujerumani, akajiuliza: kama mataifa haya yaliyouana yameweza kupatana, sisi tunashindwaje?

Kwao, jaribio la kwanza la kupatana lilikwisha kuvunjika. Serikali ya pamoja ya Wakatoliki na Waprotestanti ya mwaka 1974, ambayo Hume alikuwa waziri wake wa biashara, haikufikisha miezi mitano. Mgomo wa wafanyakazi wa Kiprotestanti uliiangusha.

Mwaka 1988 akaanza kuzungumza na Gerry Adams, kiongozi wa Sinn Féin, chama kilichokuwa mkono wa kisiasa wa IRA. Habari ilipoenea mwaka 1993, Hume alishambuliwa kila upande, magazeti ya Dublin yakiwamo. Oktoba ya mwaka huo bomu la IRA liliua watu barabara ya Shankill, Belfast. Wiki moja baadaye wapiganaji wa Kiprotestanti wakalipiza kisasi kwa kumimina risasi katika baa moja ya kijiji cha Greysteel. Mazishini, binti wa mmoja wa marehemu alimwambia Hume kwamba familia yao ilisali kando ya jeneza, ikimwombea aendelee na mazungumzo. Alilia mbele ya kamera. Agosti 31, 1994, IRA ikatangaza kusitisha mapigano.

Aprili 10, 1998, Mkataba wa Ijumaa Kuu, wa kugawana madaraka, ulifikiwa, na asilimia 71 ya wapigakura wa Ireland Kaskazini wakaukubali. Hume aligawana Nobel ya mwaka huo na David Trimble, kiongozi wa chama kikuu cha Waprotestanti wakati huo.

Kisha bili ikaja. IRA ilipokaa kimya, Wakatoliki waliokuwa wakiiogopa Sinn Féin hawakuwa tena na sababu ya kuinyima kura. Mwaka 2001 ikaipita SDLP. Upande wa pili, DUP ya Ian Paisley, iliyoupinga mkataba, ilikipita chama cha Trimble mwaka 2003. Mkataba wenyewe ulichangia: kila mjumbe wa Bunge lililoundwa nao hujiandikisha kambi yake, na maamuzi mazito huhitaji ridhaa ya kambi zote mbili kuu. Mpigakura akaona heri kumtuma mwenye sauti kali zaidi wa kambi yake. Ndipo mwaka 2007 Paisley na Martin McGuinness wa Sinn Féin wakaongoza serikali pamoja, katika nyumba waliyojengewa na wengine.

Hume alifariki Agosti 3, 2020. Machafuko yaliyoua zaidi ya watu 3,500 katika miaka 30 hayajarudi kwa kiwango kile. Ukipima kwa viti, alishindwa. Ukipima kwa makaburi ambayo hayakuchimbwa, hakuna mwanasiasa wa kizazi chake kisiwani humo aliyemfikia. Wapigakura nasi tujiulize: kwa nini tunawasifu wapatanishi, kisha kura tunawapa wengine?