Safari Rally kwenye skrini: barabara zimeongezeka, udongo umesahaulika

Juni 2021, Safari Rally iliporejea kwenye mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002, kijana wa Finland Kalle Rovanperä aliwasili Naivasha akiwa na kila sababu ya kuota ushindi. Ijumaa, kwenye mkondo wa Kedong, Toyota yake ilizama kwenye mchanga laini ikakwama. Siku yake ikaishia hapo. Hakugonga mti wala hakubingirika; barabara ilimmeza tu. Mchanga huo, ambao madereva huuita fesh-fesh, ni mwembamba kama unga, na kila gari linalopita huuchimba zaidi, hivyo anayepita wa kumi hukuta barabara tofauti kabisa na aliyoikuta wa kwanza.

Naanza na mchanga huo kwa kuwa ndio kipimo changu kwa gemu yoyote inayodai kunipeleka Safari. Na gemu ya EA Sports WRC, iliyotoka Novemba 3, 2023, inadai hivyo waziwazi: Safari Rally Kenya imo, ikiwa na mikondo yenye majina kama Malewa na Soysambu, migunga na vumbi lake.

Jina lake halisemi, lakini hii ni gemu ya mwendelezo. Walioitengeneza ni Codemasters wa Uingereza, walewale waliotoa DiRT Rally 2.0 Februari 2019, na mchezaji yeyote wa ile ya zamani akishika padi dakika mbili tu atatambua mkono uleule. Jina limebadilika kwa sababu safari hii walikuwa na leseni rasmi ya mashindano ya dunia, na kampuni yao ilikuwa imekwisha kununuliwa na EA mwaka 2021.

Wala si wageni kwetu. Walianza mwaka 1998 na Colin McRae Rally, na toleo lake la pili la mwaka 2000 liliwaleta wachezaji Kenya. McRae mwenyewe alishinda Safari mara tatu, 1997, 1999 na 2002, na alipendwa hapa kiasi kwamba mmoja wa madereva wetu vijana, McRae Kimathi, alipewa jina lake. Kwa hiyo kuna haki ya kuwadai zaidi kuliko tunavyomdai mgeni.

Tuwape kwanza sifa zao, nazo si haba. DiRT Rally 2.0 ilitoka na nchi sita tu, na kila nchi ilijengwa juu ya barabara mbili hivi, zikakatwa vipande na kugeuzwa mwanzo ukawa mwisho ili ionekane kuna mikondo kumi na miwili. Baada ya wiki chache ulikuwa unazijua kona za New Zealand kama unavyozijua za kwenda kwenu. Gemu mpya ilikuja na raundi 17, ikaongezewa ya Ulaya ya Kati baadaye, na mikondo yake mirefu inazidi kilomita 30, wakati ile ya zamani iliishia kwenye 16 hivi.

Urefu huo unabadilisha mchezo wenyewe. Kilomita nane unaweza kuziendesha kwa kujitoa mhanga, pumzi umezibana. Kilomita 30 haziruhusu ushujaa huo. Ukifika dakika ya kumi na mbili kidole gumba kimeanza kulegea, macho yanataka kupepesa, na mwelekezi bado anamwaga namba bila kupumua: tano kulia, inabana, usikate, nne kushoto juu ya kilima. Namba hizo huenda kutoka moja, kona kali kabisa, hadi sita, kona ya kupita na gia ya juu. Kosa la kawaida si kutosikia. Unasikia vizuri, ila ubongo umechoka na mkono unatekeleza kona iliyopita. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini madereva wa kweli hushuka garini wakiwa wamelowa jasho. Kiswahili hakimo kwenye lugha za mwelekezi, na sikukitarajia.

Lami nayo imepona. Kwenye 2.0, barabara za lami za Hispania zilikufanya uhisi gari linaelea, kana kwamba matairi yanapaka sabuni. Sasa ukiingia kona za Croatia au Monte Carlo unahisi uzito wa gari ukihama kutoka nyuma kwenda mbele unapokanyaga breki, na unajua mapema kwamba umezidisha. Haya ni maendeleo makubwa, na kama gemu ingekuwa ya lami tupu makala haya yangekuwa ya pongezi.

Kuna pia sehemu ya kuunda gari lako mwenyewe, uchague injini ikae mbele, katikati au nyuma. Inafurahisha jioni moja. Mashindano ya mtandaoni yanaweza kukutanisha hadi watu 32, wawe wanatumia PlayStation, Xbox au kompyuta, na hilo lina maisha marefu zaidi.

Kasoro ya kwanza kila mtu aliiona siku ileile ya uzinduzi: picha zinakwamakwama. Codemasters waliacha injini yao ya zamani, Ego, wakahamia Unreal, na sababu waliyoitoa ni hiyohiyo ya urefu wa mikondo. Bei yake ikawa kwamba kompyuta nyingi, hata zenye nguvu, zilikuwa zikigugumia katikati ya mkondo. Kwenye gemu ya mpira ukikwama nusu sekunde unapoteza pasi. Kwenye rali, kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, nusu sekunde ni mita 20 za upofu na mti mwisho wake. Masasisho yaliyofuata yalipunguza tatizo. Ila mwonekano wenyewe ulibaki mkavu. Ukiziweka gemu mbili kando kwa kando, ya 2019 ndiyo inayopendeza macho, jambo ambalo si la kawaida kwa mtoto aliyezaliwa miaka minne baadaye.

Sasa tuje kwenye udongo, maana hapa ndipo ninapokosana nao.

Jambo bora kabisa la DiRT Rally 2.0 lilikuwa barabara inayochakaa. Ukianza mbele, changarawe ilikuwa bado imetandazwa juu, inateleza, na wewe ndiye mfagizi wa wenzako. Ukianza nyuma, ulikuta mitaro imechimbwa na matairi ya waliotangulia, na kwenye kona za New Zealand mitaro hiyo ililivuta gari ndani likataka kupinduka. Nafasi yako ya kuanza ikawa sehemu ya mkakati, kama ilivyo kwenye rali ya kweli. Ungetarajia jambo hilo liboreshwe kwenye gemu yenye leseni rasmi. Badala yake limeondolewa. Kwenye EA Sports WRC, gari la kwanza na la mwisho hupita juu ya barabara ileile, safi kama ilivyochorwa.

Finland unaweza kulivumilia hilo. Kenya hapana. Mandhari ya Naivasha wameyachora kwa upendo, mwanga wa alasiri kwenye nyasi kavu ni wa kwetu kabisa, na mara ya kwanza nilipunguza mwendo ili nitazame tu. Kisha ukianza kushindana kweli unagundua kwamba hii ni barabara nyingine ya changarawe yenye mawe, iliyovishwa migunga. Ndiyo, gari linaharibika ukiligonga na tairi linapasuka. Lakini kosa ni lako wewe dereva wakati wote. Safari haijawahi kuwa na haki ya namna hiyo. Mwaka uleule wa 2021, Thierry Neuville aliamka Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima, na kwenye mkondo wa Loldia kifyonza mshtuko cha nyuma cha Hyundai yake kikasalimu amri. Sébastien Ogier akachukua kombe. Mwaka uliofuata Toyota walishika nafasi nne za kwanza, wakarudia hivyo 2023, na siri yao ilikuwa kujenga gari linalovumilia. Gemu haina mahali pa kumtuza dereva anayevumilia. Inamtuza anayewahi.

Isidhaniwe kwamba ile ya zamani ilikuwa malaika. Sehemu yake ya kujenga timu haikufunguka bila intaneti, hata ukicheza peke yako, adha ambayo mtu anayenunua bando anaielewa vizuri. Barabara za Monte Carlo, Sweden, Ujerumani, Wales, Finland na Ugiriki, zilizokuwamo kwenye DiRT Rally ya kwanza, ziliuzwa upya kama nyongeza. Huo ulikuwa ujanja wa duka, na wachezaji walilalamika wakiwa na haki. Kwa upande mwingine ilikuwa na rallycross, zile mbio za magari kadhaa kwenye uwanja mmoja, ambazo mpya imezitupa.

Liko pia suala la mfuko. EA Sports WRC haikutolewa kwa PS4, na mashine hiyo ndiyo bado inayovuma kwenye vibanda vingi vya gemu mitaani kwetu. Vijana wanaokulia kilomita chache kutoka Kedong huenda wasiiguse kamwe gemu inayoonyesha mlango wa nyumba yao.

Wala haitarekebishwa tena. Mwaka 2025 Codemasters walitangaza kwamba nyongeza iliyokuwa ikitolewa wakati huo ndiyo ya mwisho, na mipango ya gemu nyingine za rali ikasimamishwa. Leseni ya WRC inahamia kwa Nacon wa Ufaransa kuanzia 2027. Nacon si wageni pia: WRC 9 waliyoichapisha Septemba 2020 ilikuwa na Safari mwaka ambao rali yenyewe ilifutwa kwa sababu ya korona. Ombi langu kwao ni moja. Wakija kupima barabara za Naivasha, wazipime baada ya gari la mwisho kupita.

Kwa anayeuliza anunue ipi leo: mwenye PS4 au kompyuta ya kawaida achukue DiRT Rally 2.0, inapatikana kwa bei ya kutupa wakati wa punguzo. Mwenye PS5 anayependa lami na mikondo mirefu achukue EA Sports WRC bila wasiwasi, ila asilipe bei kamili. Anayetaka Safari kama tunavyoijua, pesa yake na ibaki mfukoni kwanza.